Mobutu Hakuwa Imara, Alikuwa Ameshikiliwa

Kuna mjadala ambao hauishi kwa vijana wa Nairobi. Uanzishe kwa matatu, kwa kinyozi ama kwa grupu ya WhatsApp, utaishia pale pale: ati Afrika inataka kiongozi mmoja mkali, atulize nchi, vitu viende. Halafu lazima msee mmoja atoe mfano wa Mobutu. Ati jamaa alikaa kwa kiti karibu miaka 32, ati nchi ilikuwa moja, ati Kongo iliharibika alipoondoka. Kila baada ya muda klipu zake zinaanza kuzunguka tena: kofia ya chui, fimbo, muziki wa taratibu kwa nyuma, na watu kibao chini wakisema huyo ndiye alikuwa mwanaume.

Sawa. Kofia ilikuwa kali, hiyo sikatai. Lakini hii story ya utulivu tuichambue polepole, juu nikipiga hesabu ya hiyo miaka mimi naona kitu kingine. Naona mzee ambaye kila alipoteleza, kuna ndege ya mtu mwingine ilitua kumshika mkono. Na siku ndege zilipokosa kuja, utawala wote uliporomoka kwa miezi saba tu.

Tuanze mwanzo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Wabelgiji waliacha jeshi, Force Publique, ambalo maafisa wake wote walikuwa wazungu. Mwafrika alikuwa anaweza kupanda cheo hadi chini ya afisa, basi. Siku chache baadaye, Julai, wanajeshi wakaasi. Tarehe 11 Julai mkoa wa Katanga, wenye shaba nyingi, ukajitangaza nchi huru chini ya Moïse Tshombe, na Wabelgiji wakausaidia. Waziri Mkuu Patrice Lumumba akaita Umoja wa Mataifa. Alipoona wanasita kuirudisha Katanga, akageukia Wasovieti. Hapo Washington ikaamua huyu ni hatari.

Joseph-Désiré Mobutu wakati huo alikuwa na miaka 29. Alikuwa amewahi kuwa sajenti, kisha mwandishi wa habari, na sasa ghafla alikuwa mkubwa kwa jeshi. Tarehe 14 Septemba 1960 akatangaza anawaweka wanasiasa kando. Lumumba akakamatwa, akapelekwa Katanga kwa maadui wake, na akauawa tarehe 17 Januari 1961. Kamati ya Seneti ya Marekani ilichunguza mwaka 1975 ikakuta CIA walikuwa wamepanga kumuua Lumumba kwa sumu. Mpango huo haukutimia, wengine walimfikia kwanza. Ubelgiji nayo ilikubali mwaka 2002 kwamba ina lawama ya kimaadili, ikaomba msamaha. Familia ilirudishiwa jino lake mwaka 2022. Jino moja. Ndiyo mabaki yaliyokuwepo ya kuzika.

Sasa ingia 1964. Mashariki ya Kongo kunazuka waasi wanaojiita Simba, na ndiyo, ni hilo hilo neno letu. Agosti wanateka Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, na baadaye wanashika wageni mateka. Hapa Kenya inaingia kwa story, na sijui kwa nini shuleni hatuambiwi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeunda tume ya kutafuta suluhu, na mwenyekiti wake alikuwa Jomo Kenyatta. Mwezi wa Novemba, hapa Nairobi, Kenyatta alikaa na balozi wa Marekani William Attwood na mjumbe wa waasi Thomas Kanza, wakiongea vile mateka wataachiliwa. Wakati wanaongea, askari wa miavuli wa Ubelgiji walikuwa tayari safarini. Tarehe 24 Novemba 1964 walidondoshwa Stanleyville kutoka kwa ndege za Marekani.

Mateka wengi waliokolewa, wengine waliuawa. Wakongo waliokufa kabla na baada ya hapo walikuwa wengi zaidi, na hao hakuna aliyewahesabu vizuri. Lakini angalia matokeo ya kisiasa. Waasi walivunjwa na Wabelgiji, Wamarekani na mamluki wa kizungu. Jeshi la Kongo lenyewe lilikuja nyuma yao. Mwaka mmoja baadaye kamili, tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu akachukua nchi nzima. Alipewa meza iliyoandaliwa tayari.

Miaka ya kwanza ilikuwa na raha yake, tuseme ukweli. Bei ya shaba ilikuwa juu. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba. Watu wakaambiwa waache majina ya kizungu, na yeye mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga. Mwaka 1974 akaleta Muhammad Ali na George Foreman wapigane Kinshasa, kila mmoja akiahidiwa dola milioni 5. Dunia yote ikaangalia. Lakini mwaka uliotangulia alikuwa amenyang'anya wageni biashara na mashamba akagawia marafiki, na wengi wa hao marafiki waliuza bidhaa zilizokuwa kwa rafu wakafunga duka. Halafu bei ya shaba ikaanguka. Ndani ya miaka miwili Zaire ilikuwa haiwezi kulipa madeni.

Na hapa ndipo utulivu ulipimwa.

Tarehe 8 Machi 1977, wapiganaji wa FLNC walivuka kutoka Angola wakaingia Shaba. Wengi wao walikuwa askari wa zamani wa Katanga waliokimbilia uhamishoni. Hawakuwa jeshi kubwa la kutisha, walikuwa kama elfu mbili hivi. Jeshi la Zaire, ambalo kwenye gwaride lilipendeza sana, lilirudi nyuma mji baada ya mji. Kilichomwokoa Mobutu ni Wamoroko 1,500 waliobebwa na ndege za Ufaransa mwezi wa Aprili. Kufikia mwisho wa Mei waasi walikuwa wamerudi Angola.

Mtu mwenye akili angesema, sawa, nimeponea, wacha nitengeneze jeshi langu. Mwaka mmoja ukapita. Mei 1978 watu wale wale wakarudi, safari hii wakateka Kolwezi, mji wenyewe wa migodi. Jeshi likakimbia tena. Tarehe 19 Mei askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wakaruka na miavuli juu ya Kolwezi, Wabelgiji wakafuata, Marekani ikatoa ndege za mizigo. Mamia ya raia, weusi na wazungu, walikuwa wameuawa. Kisha likaundwa jeshi la nchi za Afrika, wengi wao Wamoroko, likabaki Shaba kulinda hadi 1979.

Sasa jiulize hili, juu kwangu ndio swali lenyewe: kwa nini hakurekebisha jeshi baada ya 1977?

Watu husema alikuwa mwizi tu, alisahau. Mimi naona alikuwa anajua hesabu vizuri sana. Mtawala kama yule ana hatari mbili. Kuna adui wa nje, na kuna jeshi lake mwenyewe. Jeshi zuri, linalolipwa, lenye maafisa wenye akili wanaopendwa na askari wao, linaweza kukulinda dhidi ya adui wa nje. Lakini jeshi hilo hilo linaweza kuamka asubuhi moja likakutoa kwa kiti. Yeye mwenyewe aliingia hivyo, mara mbili. Kwa hivyo anapaswa kuchagua. Na kama anajua Paris na Brussels zitakuja wakati adui akifika mgodini, basi hana haja ya jeshi zuri. Jeshi dhaifu linamfaa zaidi.

Angalia alichofanya. Mapema 1978, kati ya vita vya kwanza na vya pili, aliwaua na kuwafukuza maafisa kwa madai ya njama, wengi wakiwa watu wa mikoa asiyoiamini. Mishahara ya askari wa kawaida iliendelea kuliwa na wakubwa. Badala ya kujenga jeshi moja, alijenga vikosi vya kulinda mtu mmoja. Miaka ya themanini kikosi kilichotunzwa kilikuwa walinzi wa rais, waliofunzwa na Waisraeli na kujazwa watu wa kabila lake la Ngbandi. Askari wengine waliachwa wajitafutie kwa kuwanyang'anya raia barabarani.

Kwa hivyo ule msaada wa nje haukuziba shimo. Ulimfundisha Mobutu kwamba shimo halina hasara kwake.

Kwa pesa ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimweka Mjerumani, Erwin Blumenthal, ndani ya benki kuu ya Zaire aangalie vitabu. Hakukaa sana. Ripoti yake ya 1982 ilisema wazi kwamba kwa vile rushwa ilivyo, wanaodai Zaire wasitarajie kurudishiwa pesa zao. Unadhani mikopo ilikatwa? Madeni yalipangwa upya, pesa nyingine zikaja. Serikali inayoishi kwa kodi ya wananchi lazima iwasikilize kidogo, hata kama ni ya kidikteta. Ile inayoishi kwa shaba na mikopo ya wanaohitaji urafiki wake haina sababu ya kukarabati hata barabara. Barabara za Zaire zilimezwa na msitu huku Gbadolite, kijijini kwa mkubwa, kukiwa na uwanja wa kutosha ndege ya Concorde kutua.

Na tusimfanye Mobutu kuwa mtoto wa kutumwa. Hapana. Alikuwa anacheza nao. Alijua Marekani inaiogopa Angola yenye Wakuba ndani, akaacha CIA watumie Zaire kupitisha silaha za waasi wa UNITA. Alijua Wafaransa na Wabelgiji hawapendani sana Kinshasa, akawashindanisha. Bidhaa aliyokuwa anauza ilikuwa moja: "Mimi nikianguka, kutakuwa na vurugu." Na kadiri nchi ilivyooza, ndivyo hiyo sentensi ilivyozidi kuwa kweli, na bei yake kupanda.

Halafu Vita Baridi vikaisha.

Aprili 1990 Mobutu akatangaza vyama vingi. Mwezi uliofuata askari wakaingia usiku chuo kikuu cha Lubumbashi wakaua wanafunzi. Idadi inabishaniwa hadi leo. Hawa walikuwa rika letu, kwa mji ambapo watu wanaongea Kiswahili, cha kwao lakini mtaelewana. Miaka ya nyuma Ubelgiji ingenung'unika tu. Safari hii ilikata misaada.

Septemba 1991 askari wasiolipwa waliasi Kinshasa wakapora mji. Wanajeshi wa Ufaransa na Ubelgiji wakaja tena, lakini soma vizuri walikuja kufanya nini: walikuja kuchukua watu wao waende nyumbani. Januari 1993 Mobutu akalipa jeshi kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, askari wakapora mara ya pili, na balozi wa Ufaransa akauawa kwa risasi ndani ya vurugu hizo.

Mwishoni mwa 1996 vita vikaanza mashariki, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na wakimbizi kujaa Kivu, wauaji wakiwa kati yao. AFDL ya Laurent Kabila, ikisukumwa na Rwanda na Uganda, ikatembea kutoka mpakani hadi Kinshasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Jeshi la Zaire lilikimbia kama 1977, likipora njiani. Mobutu aliomba msaada. Mamluki wachache walikuja, serikali hazikuja. Tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ikaanguka. Mzee alikufa Septemba mwaka huo huo, Rabat, na kaburi lake liko huko. Moroko, nchi iliyotuma vijana wake wamwokoe 1977, ndiyo iliyomzika.

Najua jibu linalokuja. "Lakini baada yake si kulikuja vita, watu mamilioni wakafa? Si bora yeye?"

Hili ni swali zito na silidharau. Vita vya baada ya 1997 ni kati ya vibaya zaidi duniani tangu Vita Vikuu vya Pili. Na majirani walioingia, mauaji ya Rwanda, tamaa ya madini, yote hayo yana lawama yake, si Mobutu peke yake. Lakini majirani waliingia wakakuta nini? Nchi kubwa mara nne ya Kenya bila jeshi, bila barabara, bila serikali inayofika kijijini. Hiyo haikutokea Mei 1997. Ilitengenezwa miaka 32, na kila ndege iliyokuja kumwokoa ilisogeza mbele siku ya kulipa na kuongeza deni. Kusema alikuwa na utulivu ni kama kumsifu mwenye nyumba ambaye hajawahi kukarabati nguzo, ati kwa sababu paa liliangukia mpangaji aliyefuata.

Na huyo aliyefuata hakujifunza. Agosti 1998 Kabila alikosana na Rwanda na Uganda, wakamgeuka, na aliyemwokoa ni nani? Angola, Zimbabwe na Namibia. Sura zikabadilika, mchezo ukabaki.

Je, kuita msaada wa nje lazima kukuharibu? Hapana, na mfano uko hapa jirani. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi wakitaka mishahara na maafisa Waafrika. Nyerere alilazimika kuita Waingereza, waliokuwa wameondoka juzi tu. Alisema wazi ni aibu. Lakini ona alichofanya baadaye: aliita nchi za Afrika zikutane Dar es Salaam, Waingereza wakabadilishwa na Wanigeria, jeshi lililoasi likavunjwa, na Septemba mwaka huo huo jeshi jipya, JWTZ, likaundwa kutoka kwa vijana wa nchi. Unaweza kulaumu Nyerere kwa mengi, chama kimoja na watu kufungwa bila kesi vikiwemo. Lakini alichukua ule uokoaji kama onyo. Mobutu aliuchukua kama bima.

Wiki hiyo hiyo hapa kwetu, tarehe 24 Januari 1964, askari waliasi Lanet, Nakuru, na Waingereza wakazima. Sisi hatukuwaaga. Wanajeshi wao bado wanafanya mazoezi Nanyuki na Laikipia.

Sisemi Kenya ni Zaire. Tuna mahakama zinazoweza kumwambia rais hapana, tuna uchaguzi, tuna midomo. Lakini kumbuka Juni 2024. Tarehe 24 Marekani iliipa Kenya rasmi cheo cha mshirika mkuu nje ya NATO. Tarehe 25 polisi wetu wa kwanza walitua Haiti, na siku hiyo hiyo vijana wakapigwa risasi nje ya Bunge letu. Moja haikusababisha nyingine, tusidanganyane. Ninachosema ni kwamba rafiki wa nje anaweza kukupigia makofi kwa mlango wa mbele wakati watoto wako wanalia kwa mlango wa nyuma, na makofi hayo yanaweza kumfanya mkubwa asisikie vilio.

Ndio maana nikiona vijana wa Sahel wakishusha bendera ya Ufaransa naelewa hasira yao kabisa. Wakipandisha ya Urusi papo hapo, nashika kichwa. Kubadilisha mlinzi si kujitegemea. Mali walileta Wagner mwisho wa 2021, Wafaransa wakaondoka Agosti 2022, na raia wa kawaida bado hana wa kumwajibisha. Mlinzi mpya naye ana bosi wake kwingine.

Kwa hivyo ukiambiwa kiongozi fulani ameleta utulivu, usikubali wala kukataa haraka. Uliza vitu vitatu. Askari wa kawaida analipwa na nani, na analipwa kwa wakati? Pesa za serikali zinatoka kwa wananchi wanaoweza kulalamika, ama kwa mgodi na mkopo? Na wageni wakipakia mizigo yao leo usiku, huyo kiongozi atakuwa kwa kiti kesho asubuhi?

Kwa Mobutu, jibu la swali la tatu lilijulikana tangu Machi 1977. Raia wa Zaire ndio waliendelea kulipa miaka mingine 20.

Nyinyi mnaonaje? Ni serikali gani leo Afrika ambayo ukiondoa wageni itasimama yenyewe, na ni gani haitasimama? Niandikie, lakini uje na sababu, sio kofia.